Mgeni wa siku ya tatu: mwongozo kamili kwa mwanafunzi anayekwenda kujitolea kijijini Dodoma

Siku ya tatu asubuhi, bibi aliyenipokea nyumbani kwake alinipa jembe. Hakusema neno. Aliliegemeza ukutani karibu na mlango wa chumba nilicholala, akatangulia shambani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: methali hiyo niliijibia mtihani darasa la tano nikapata alama zote, lakini sikuwahi kufikiri kwamba iko siku jembe lenyewe litakuwa langu.

Ilikuwa Februari, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Tulikuwa wanafunzi 12 katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, tumebeba mabango ya semina ya ujasiriamali tuliyoiandaa kwa wiki sita. Siku ya semina walikuja watu wanne, na wawili kati yao walikuwa wazee waliofika kutusalimia. Wengine wote walikuwa kwenye palizi. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja tu kwa mwaka, na mtu anayeacha palizi ya uwele mwezi Februari ili akasikilize semina anacheza na chakula cha watoto wake. Sisi hatukulijua hilo kwa sababu hatukuuliza.

Shambani nako nilikata miche ya uwele nikidhani ni magugu. Bibi aliinama, akaanza kunionyesha shina baada ya shina, taratibu, mpaka jicho langu likazoea. Siku hiyo nilijifunza mambo mengi kuliko niliyokuwa nimepanga kufundisha. Tangu wakati huo nimeongozana na vikundi kadhaa vya wanafunzi kwenda Chamwino na Kongwa, na haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia kabla hawajafunga mabegi. Msimamo wangu ni huu: safari ya kujitolea inamkuza mwanafunzi pale anapofanya kazi iliyochaguliwa na wenyeji, akakubali kufundishwa, kisha siku nyingine akarudi kijijini. Ukiondoa lolote kati ya hayo, unabaki na picha nzuri za simu.

Hatua ya 1: Andika unachokitafuta, kabla ya kuomba ruhusa

Chukua karatasi moja. Andika kwa nini unakwenda, na usimwonyeshe mtu. Kama unakwenda kwa sababu ya wasifu wa kazi, andika. Kama umeachwa na mchumba na unataka kuwa mbali na hosteli kwa wiki mbili, andika. Sababu hizo hazikuzuii kwenda. Zinakuwa hatari zikifichwa, kwa sababu mtu anayejificha sababu yake huishia kuwadai wenyeji kitu ambacho hawakukiahidi: shukrani, sifa, au faraja.

Chini ya sababu, orodhesha mambo matatu unayoyaogopa. Kulala giza, kuongea mbele ya watu wazima, choo cha shimo, kuugua mbali na nyumbani, vyovyote. Kunja karatasi, ifunge, iweke mahali utakapoipata baada ya safari. Tutairudia.

Hatua ya 2: Kijiji kichague kazi

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dodoma ina historia ndefu ya wageni waliokuja na mipango mizuri. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa kituo chake cha kwanza. Walileta matrekta, wakafyeka vichaka, wakajenga reli. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wagogo wa pale walikuwa wanazijua njaa zao kwa majina na wanaijua ardhi yao, ila hawakuulizwa. Miaka ya mwanzo ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani kwenda vijiji vya ujamaa. Wazee wanaokumbuka bado wapo. Mzee anapowatazama vijana wenye fulana za rangi moja wakishuka kwenye gari na mabango, anatazama jambo ambalo ameliona zaidi ya mara moja.

Basi fanyeni hivi. Angalau miezi miwili kabla ya safari, watu wawili wa kikundi waende kijijini kwa siku moja au mbili. Wasiende na pendekezo. Waende na maswali kwa Mtendaji wa Kijiji, Mwenyekiti wa Kijiji, mwalimu mkuu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kikundi chochote cha kina mama kinachokutana pale. Maswali yenyewe ni mepesi. Mwezi tunaotaka kuja, nyie mnakuwa mnafanya nini? Kuna kazi gani mliyoianza ikakwama kwa kukosa mikono? Wageni waliopita waliacha nini, na kiko wapi leo? Hili la tatu ulizeni polepole na mkae kimya mkisubiri jibu. Mara nyingi linakuja baada ya kicheko kifupi, na jibu hilo litawaokoa.

Ombeni jambo lenu lipelekwe kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, na likiwezekana litajwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kazi iliyopita kwenye muhtasari wa kikao ni kazi ya kijiji. Isiyopita hapo inabaki yenu peke yenu, na mkiondoka itaondoka nanyi.

Aina za kazi ambazo nimeona zikifaa wanafunzi wasio na ujuzi maalumu ni chache. Moja ni kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki vya shambani mpaka yawe miti tena. Nyingine ni vibuyu chirizi vya kunawia mikono shuleni na kwenye vyoo vya kaya. Nyingine ni kusaidia kuanika na kuhifadhi mahindi na karanga ili kuzuia sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Na ipo ile isiyo na sifa yoyote, ya kunakili daftari la wakazi au kupanga kumbukumbu za ofisi ya kijiji, ambayo watendaji wengi wataishukuru kuliko zote. Mnachotakiwa kukikwepa ni kazi inayohitaji fundi wakati ninyi si mafundi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi haendi kijijini kutibu watu, na ukuta wa darasa uliojengwa na watu waliojifunza kushika mwiko jana utaangukia watoto.

Hatua ya 3: Barua

Barua ya utambulisho itoke chuoni, kwa kawaida ofisi ya mshauri wa wanafunzi, iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane: Jiji la Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa Wilaya na Kondoa Mji. Hakikisha unajua kijiji chako kiko kwenye ipi, hasa Kondoa, maana kuna mbili na watu wameshapoteza siku nzima kwa kwenda kwenye ofisi isiyohusika. Kutoka kwa mkurugenzi barua itashuka kwa Mtendaji wa Kata, kisha kwa Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti. Kama mtafanya kazi shuleni, Afisa Elimu apate nakala. Kama ni zahanati, Mganga Mkuu wa Wilaya.

Barua itaje idadi yenu kwa jinsia, tarehe ya kufika na kuondoka, kazi mtakayofanya, mahali mtakapolala, na namba ya simu ya kiongozi mmoja chuoni atakayepatikana. Tengeneza nakala sita. Mkifika, muone Mwenyekiti wa Kitongoji na balozi wa eneo mnalolala siku hiyo hiyo, hata kama jua limezama, ili wajue ni wageni wa nani.

Hatua ya 4: Tarehe

Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Kupanda, palizi na kulinda ndege ni miezi hiyo, na makorongo yakijaa gari linaweza kulala upande wa pili wa mto mkavu ambao ghafla si mkavu. Mavuno ni kuanzia Mei. Julai hadi Septemba, likizo ndefu ya vyuo, ndiyo nafasi nzuri: chakula kipo ghalani, watu wana muda wa mikutano, na ngoma zinachezwa. Lakini Julai asubuhi Dodoma ina baridi ya kuuma na upepo wa vumbi usiopumzika. Watu wanaotoka Dar es Salaam hawaamini mpaka usiku wa kwanza. Beba sweta na blanketi.

Ikiwa likizo yenu ni Februari tu, nendeni, ila nendeni kulima. Msipange semina.

Hatua ya 5: Fedha

Safari ya pili, tukiwa 12 kwa siku 14, tulichangishana shilingi 60,000 kila mmoja, jumla 720,000. Tulizigawa hivi: chakula 336,000 (shilingi 2,000 kwa mtu kwa siku), nauli ya kwenda na kurudi kutoka mjini 120,000, vifaa vya kazi 150,000, na 114,000 tukaziweka kando kwa dharura. Bei zenu zitakuwa nyingine, ila mgawanyo huo bado naufuata. Fungu la dharura lisiguswe kwa soda.

Wekeni mweka hazina mmoja, na mtu mwingine awe na daftari. Kila jioni wasome matumizi kwa sauti mbele ya wote. Inachukua dakika tano. Nimewahi kuona urafiki wa miaka miwili ukivunjika kwa shilingi 8,000 zilizoshindwa kuelezwa, na wote wawili walikuwa waaminifu. Kwa wengi wenu hii itakuwa mara ya kwanza kushika fedha ya watu wengine, na hilo ni somo ambalo hakuna darasa linalolifundisha vizuri zaidi.

Chakula nunueni kijijini kadiri inavyowezekana. Gunia la unga lililotoka mjini linawanyima kipato watu wanaowapokea. Mwenyeji wa nyumba alipwe kitu, hata akikataa mara ya kwanza. Mwulizeni Mtendaji kiasi kinachofaa ili msimwaibishe wala msipandishe bei kwa wageni wajao. Fedha taslimu au zawadi kwa mtoto mmoja mmoja, hapana.

Hatua ya 6: Mzigo

Begi moja unaloweza kulibeba kilomita tatu bila kulitua. Ndani yake: chandarua, tochi, pawabenki, kandambili na viatu vilivyofungwa, kofia, sabuni, dawa zako mwenyewe pamoja na karatasi ya daktari, kadi ya bima kama unayo, chupa ya maji ya lita moja na nusu, daftari la kurasa 96, kalamu mbili. Wasichana wabebe khanga au vitenge viwili na taulo za kike za kutosha safari nzima, kwani duka la kijijini linaweza kuwa halina. Vaeni nguo za heshima, na mkienda Kondoa kumbukeni Waislamu ni wengi na vikao hupangwa kwa kuzingatia swala.

Hatua ya 7: Siku tatu za kwanza

Usidhani kila mtu Dodoma ni Mgogo. Kondoa kuna Warangi, Chemba kuna Wasandawe ambao lugha yao ina sauti za kubofya ulimi, upande wa mashariki wa Kongwa na Mpwapwa kuna Wakaguru, na wafugaji Wamasai na Wabarabaig utawakuta sehemu mbalimbali. Ukiwa kwa Wagogo, jifunze salamu yao, “mbukwenyi”, kabla ya yote, na mkubwa umpe shikamoo yake. Salamu kijijini haina haraka. Utaulizwa habari za ulikotoka, za nyumbani, za wazazi, za masomo. Jibu moja baada ya jingine na wewe uulize. Mwanafunzi anayetoa shikamoo huku akitazama simu ameshajiharibia kabla hajakaa kigodani.

Kula unachopewa. Ugali wa uwele ni mzito na una rangi ya kijivu, na mboga yake mara nyingi ni mlenda, majani yaliyokaushwa na kusagwa ambayo yanavutika. Siku ya kwanza unaweza kuuona mgeni mdomoni. Siku ya tano utaumezea mate. Kama kuna kitu huli kwa sababu ya dini au afya, sema mapema kwa upole, maana mwenyeji akikipika kisha ukakiacha unamwachia aibu. Pombe ya kienyeji ikiletwa, shukuru, ipokee kwa mikono miwili, mpe aliye karibu nawe. Kikundi kisinywe. Hilo nalisema bila mjadala.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Sehemu nyingi za Dodoma maji ya kisima yana chumvi, na yapo mbali. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na mtoto wa miaka tisa anajua kulifunga juu ya punda kuliko wewe. Siku ya kwanza nenda kisimani na watu wa nyumba yako. Nenda na urudi. Baada ya hapo hutahitaji kuambiwa kuoga kwa maji kidogo.

Siku tatu hizi usifundishe kitu na usipige picha. Sina masharti mengi, ila hilo nalishikilia. Mtu asipokuwa na simu mkononi wala somo mdomoni hulazimika kutazama, na macho ndiyo yanayochelewa kuamka. Baadaye mtapiga picha, kwa ridhaa ya anayepigwa na, kwa mtoto, ya mzazi wake. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, jiulize kama ungependa mtu aliyekaa kwenu wiki mbili aweke mtandaoni picha ya mdogo wako akiwa na kamasi.

Hatua ya 8: Kazi yenyewe

Nitaeleza tatu ninazozifahamu kwa mikono yangu.

Kisiki hai. Mashamba mengi ya Dodoma yanaonekana hayana miti, kumbe chini kuna visiki ambavyo mizizi yake ingali hai na kila mwaka vinatoa machipukizi, yakaliwa na mbuzi au kukatwa wakati wa kusafisha shamba. Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyefanya kazi Niger, alianza kuieneza njia hii kule miaka ya 1980, na hapa Dodoma imeenezwa sana vijijini kwa jina hilo la kisiki hai. Tembea na mwenye shamba, yeye achague kisiki; ni shamba lake na anajua wapi plau inapita. Katika machipukizi yote, acheni matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine yakateni karibu na shina kwa panga kali au msumeno mdogo, mkato uwe wa mshazari ili maji yasitue. Kwenye yale mliyoyabakiza, pogoeni matawi ya nusu ya chini, ya juu yaachwe. Fungeni kitambaa cha rangi ili mchungaji na mpita njia wajue kisiki kina mwenyewe. Baada ya hapo ni ulinzi dhidi ya mifugo na moto, na kupogoa tena baada ya miezi michache. Mche wa kitalu unahitaji kumwagiwa maji ambayo hayapo. Kisiki mizizi yake imeshafika chini.

Kibuyu chirizi. Dumu la lita tano, misumari, kamba, fito nne, na sabuni iliyotobolewa ikaning'inizwa. Mguu unakanyaga ufito, dumu linainama, maji yanachuruzika kidogo kidogo. Kwa Dodoma hii ni muhimu pia kwa kunawa uso, kwa sababu trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, umewahi kuwa tatizo kubwa hapa, na Kongwa ni miongoni mwa sehemu ambako wataalamu wameuchunguza tangu miaka ya 1980. Uso unaoshwa kwa maji machache kabisa. Muwafundishe wanafunzi wa darasa la sita kutengeneza, ninyi mshike fito tu. Dumu litachakaa miezi michache ijayo, na lazima awepo mtu pale anayejua kulibadilisha.

Sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hii. Inatokana na ukungu, hasa kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kupika hakuiondoi. Kazi yenu ni ndogo na ya mikono: kusaidia kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, na kupima ukavu. Kipimo cha chumvi hakina gharama. Weka mahindi kwenye chupa kavu ya kioo mpaka theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Alama hiyo mama mwenye ghala anaiona kwa macho yake mwenyewe, na nimeona majirani wakiazimana chupa jioni hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Zamu, jikoni na ugomvi

Usumbufu mwingi wa safari hizi hautoki kijijini. Unatoka kwenye kikundi. Safari yetu ya kwanza, kwa siku nne, wavulana walirudi kutoka kazini wakakaa kivulini, wasichana tukaingia jikoni, na hakuna aliyesema kitu mpaka siku ya tano tulipolipuka wote kwa pamoja kuhusu sufuria isiyooshwa. Safari ya pili tulibandika ratiba ukutani tangu siku ya kwanza: kuteka maji, kusonga, kuosha vyombo, kufagia choo, kila mtu, kwa zamu. Kijana mmoja ambaye hakuwahi kushika mwiko kwao alijifunza kusonga ugali wa uwele kwa mama mwenye nyumba. Ulipomshinda alirudia. Hadi leo akija kwangu anadai asonge yeye.

Kila jioni kaeni nusu saa. Kila mmoja aseme jambo moja lililomgusa na moja lililomuudhi, wengine wasijibu mpaka amemaliza. Hili la kutojibu ni gumu kuliko kulima.

Mambo mengine hayasubiri jioni. Homa kali, aende zahanati siku hiyo hiyo, asimeze dawa za rafiki. Mtoto akikusimulia kwamba anafanyiwa ukatili, usimhoji sana na usiahidi kuficha. Mwambie kiongozi wako, na simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116. Mambo ya polisi ni 112. Wala usijipe kazi ya upelelezi.

Hatua ya 10: Daftari

Hapa ndipo kukua kunapoonekana, kwa hiyo usiliruke hata ukiwa umechoka.

Kila usiku andika majibu ya maswali matatu. Leo nimefanya nini? Nini sikukielewa? Nani kanifundisha, na kitu gani? Swali la tatu nililiongeza wakati wa safari ya kwanza, na ndilo lililonibadilisha. Nikifungua daftari langu la zamani naona majina ya undugu na shughuli: bibi: magugu na miche; mtoto wa jirani: kufunga dumu kwenye punda; mwalimu wa darasa la kwanza: kunyamazisha watoto 90 bila kupaza sauti; Mwenyekiti: kusubiri mtu wa mwisho aongee ndipo ufunge kikao. Nilikuwa nimeondoka chuoni nikijihesabu msomi anayepeleka elimu kijijini. Kufikia ukurasa wa kumi nilikuwa na walimu kumi, na sita kati yao hawakumaliza shule ya msingi.

Usiandike hisia peke yake. “Nimeguswa sana leo” ukiisoma baada ya mwaka haitakukumbusha kitu. Andika tukio: nani alikuwepo, alisema nini, wewe ulijibu nini, mkono wako ulikuwa unafanya nini. Andika pia uliyoyakosea. Siku moja nilimkatiza mzee kwenye mkutano ili nimalizie hoja yangu, na watu wakanyamaza wote. Niliiandika usiku huo nikiwa na aibu. Mwezi uliofuata, kwenye majadiliano ya darasani, nilijikuta nimefunga mdomo nikimsubiri mwenzangu amalize. Ndipo nilipojua kwamba kitu kimehama ndani yangu.

Mkirudi, fungua ile karatasi ya Hatua ya 1. Zile hofu tatu, weka alama kwa zilizokwisha, na andika hofu mpya, maana zitakuwepo. Kisha subiri miezi sita kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba umebadilika. Waulize watu watatu wanaokujua, mzazi au mlezi, mtu mnayelala naye chumba kimoja, na mwenzako wa safari: kuna kitu ninachofanya tofauti siku hizi? Wakitaja kitu kile kile wawili, kiamini. Wasipotaja, usihuzunike, rudi kwenye daftari uone ni somo gani uliliandika vizuri ukasahau kuliishi.

Kwenye wasifu wa kazi andika kwa ukweli na kwa namba: nilisimamia bajeti ya shilingi 720,000 kwa watu 12, niliratibu kazi na halmashauri ya kijiji. Usiandike kwamba uliinua maisha ya jamii. Anayesoma wasifu huenda kazaliwa kijiji hicho.

Hatua ya 11: Kuondoka, na kurudi

Siku mbili kabla ya kuondoka, toeni taarifa kwenye ofisi ya kijiji: kilichofanyika, kilichobaki, nani amekabidhiwa vifaa. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, nakala moja ibaki faili la kijiji. Vifaa viandikwe na kusainiwa. Agana nyumba kwa nyumba, na usiahidi kitu ambacho hakiko mikononi mwako. “Tutarudi” ni ahadi. Kama hujui, sema “nitawapigia simu”, kisha upige.

Baada ya mwezi mmoja chapisheni picha, zile za karatasi, mzitume kwa gari linalokwenda huko. Watu walipiga picha nanyi na hawakuziona tena. Mimi mwenyewe nilimpelekea yule bibi picha yetu kwa mkono, Septemba ya mwaka ule ule wa safari ya kwanza. Aliitazama muda mrefu, akauliza kwa nini kwenye picha nimeshika jembe kwa mkono wa kushoto juu, akacheka, akaniambia hata palizi ilikuwa vile vile. Kesho yake tukaenda kuangalia ghala.

Baada ya hapo, wekeni kwenye simu tarehe moja kila mwaka: wiki ya pili ya Desemba. Mpigieni Mtendaji na mwenyeji wenu muulize kama mvua imefika. Ikiwa imefika, ulizeni wamepanda nini na wapi. Ikiwa bado, sikilizeni tu, muulize na habari za mbuzi.